Wateja Wasiopokea Amri

Kazi ya mpiga picha wa studio ni kazi ya amri, ingawa amri zenyewe husemwa kwa upole na aghalabu hutanguliwa na neno la heshima. Baba, inua kidevu kidogo. Mama, sogea karibu na mzee. Mtoto atazame huku, mkono ushuke, vidole vikunjuliwe, tabasamu lisizidi. Kwa sehemu kubwa ya umri wangu, katika chumba kidogo cha Kamalondo chenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji ambayo hakuna mteja wangu aliyepata kuyaona, niliishi kwa amri hizo, nikawapiga picha maharusi, mashemasi, wachezaji wa mpira, na wachimbaji waliotaka picha za kadi kabla ya zamu ya usiku, na wote, wakubwa kwa wadogo, walinitii. Walionionyesha kwamba picha hupatikana pia pasipo utii walikuwa wadudu.

Simu zenye kamera zilipoenea mjini, wateja walipungua, nami, ambaye sikuwa nimezoea kupumzika ila Jumapili, nikajikuta nina wasaa mwingi na lenzi moja kuukuu ya milimita 50 ambayo hakuna aliyetaka kuinunua. Mji wetu wa Lubumbashi, ulioasisiwa mwaka 1910 kwa sababu ya shaba na kuitwa Elisabethville hadi mwaka 1966, umezoea kutazamwa kwa vitu vyake vikubwa: bomba refu la moshi la tanuru lililoanza kuyeyusha shaba mwaka 1911, mlima mweusi wa taka za madini ulio kando yake, na mashimo ya migodi ambayo mtu akisimama ukingoni hujiona hana kimo. Sammy Baloji, mzaliwa wa hapa wa mwaka 1978, ameupeleka ukubwa huo mpaka katika majumba ya sanaa ya ughaibuni kwa mfululizo wake uitwao Mémoire, ambamo watu wa picha za zamani wamesimamishwa mbele ya magofu ya viwanda vya leo, na tangu mwaka 2008 maonyesho ya Biennale yaliyoanzishwa na kundi la Picha huwaleta wageni kuja kuyatazama mambo hayo kwa macho yao wenyewe. Sina ugomvi na ukubwa. Walakini jicho lililozeeka katika kupima nyuso kwa umbali wa hatua tatu halivutwi na mlima. Hutaka kusogea mbele, na mimi nilisogea, nikazipita nyuso, nikafika kwenye maua ya uani.

Fundi aliyenipa ufundi alikuwa amenionyesha zamani, kwa mchezo tu, kwamba lenzi ikigeuzwa na uso wake wa mbele ukaelekezwa ndani ya kamera, hukikuza kitu kidogo hata taswira yake juu ya filamu ikakaribia kulingana na kitu chenyewe. Nyuki mwenye urefu wa milimita 12, katika kipimo hicho cha moja kwa moja, hujaza theluthi ya fremu ambayo upana wake ni milimita 36, na theluthi hiyo yatosha kuzihesabu nywele za kifua chake. Lakini neema hiyo hutozwa kodi mara mbili. Kwanza, nuru inayofika kwenye filamu hubaki robo tu ya ile ambayo ingefika kama mtu angepiga picha ya nyumba. Na pili, eneo lionekanalo wazi hupungua mno, hata tundu la lenzi likifinywa mpaka 16 mtu hupata kina cha milimita mbili hivi, basi, na yote yaliyo mbele na nyuma ya hapo huyeyuka. Jicho likiwa dhahiri, bawa limetoweka. Bawa likiwa dhahiri, jicho si jicho tena. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mwaka 965, alipoichunguza taswira ya jua lililopatwa ikipita katika tundu na kuanguka ukutani ndani ya chumba chenye giza, alikwisha kubaini kwamba umbo la jua halionekani vema ila tundu likiwa dogo. Na kila mwenye kamera hujua kwamba tundu likiwa dogo nuru nayo huwa haba. Bwana yule wa Basra na mimi wa Kamalondo tumefungwa na sharia moja, isipokuwa yeye jua lake halikuruka.

Wengi waanzao kazi hii humkimbilia nyuki. Humwona juu ya ua, wakamwendea wameinama, na wanapofika yeye amekwisha kuhamia ua la pili; wakahamia nao, naye akaenda la tatu; na baada ya nusu saa wamerudi nyumbani na picha nyingi za maua matupu na jasho la mgongoni. Dawa yake si wepesi wa miguu. Aristotle wa Ugiriki aliona zamani sana kwamba nyuki katika safari moja hadandii maua ya namna mbalimbali, bali hushika namna moja, toka ua hili hadi ndugu yake, mpaka arudipo mzingani. Na jambo hilo, ambalo wataalamu waliomfuata wamelithibitisha, ni ufunguo kwa mpiga picha. Ukisha kujua leo ameshika maua gani, huna haja ya kumfuata. Tafuta ua moja la jamii hiyo lililochanua vema, ambalo jua halilipigi kwa nyuma na upepo haulitikisi sana, uweke kamera mbele yake, uusogeze mwili wako kidogo mbele na nyuma mpaka katikati ya ua iwe dhahiri, kisha utulie. Yeye atakuja kwako. Kila picha njema niliyo nayo ya mdudu aliye hai niliipata kwa kumtangulia alikokuwa akienda, wala sina hata moja niliyoipata kwa kumfuata alikotoka.

Kutangulia, basi, kwataka maarifa, na maarifa haya sikuyapata kwenye vitabu vya picha. Niliyapata katika bustani ya jirani yangu, mama mmoja mwenye kulima mahindi na maboga nyuma ya nyumba yake, kama walimavyo watu wengi wa Lubumbashi mvua zinaposhika, kwa sababu majani ya maboga, ambayo sisi huku twayaita kibwabwa, ni kitoweo kisichokosekana mezani. Mwezi wa kwanza ulikuwa umeingia, maua ya njano yamefunguka, nami nilikuwa nimepiga magoti kati ya mabua alipotokea na beseni lake.

«Papa, uko natafuta nini mu kibwabwa yangu?»

Nikamjibu, «Nyuki, Mama. Nataka kukamata sura yake.»

Alicheka hata akaliweka beseni chini. Kisha, kwa kuwa ni mtu asiyependa kuona kazi ikifanywa ovyo, akaniondoa kwenye ua nililokuwa nimelichagua kwa uzuri wake, akanipeleka kwenye lingine lililojificha chini ya jani, akalinyanyua kwa kidole. Chini ya ua hilo palikuwa na boga changa lenye ukubwa wa gololi.

«Ile iko na mutoto chini njo mwanamuke, zingine zote ni banaume.»

Hapo alianza kunifundisha, na sidhani alijua kwamba alikuwa akifundisha. Alinieleza kwamba ua jike hufunguka kwa asubuhi moja tu, toka alfajiri hadi kabla ya adhuhuri, likafumba, halifunguki tena. Kwamba ua litakalofunguka kesho hutambulikana leo jioni kwa ncha yake inayoanza kuwa ya manjano. Na kwamba asubuhi ya mvua kubwa, nyuki wasipotoka, «mutoto inaanguka», kile kiboga hugeuka rangi na kudondoka. Mimi nilijua kutoka shuleni habari za chavua kuchukuliwa toka ua dume hadi ua jike. Yeye alijua saa. Toka siku ile, ilipokuwa jioni nilipita bustanini mwake nikautafuta mchomozo wa manjano, na alfajiri nilikuwa nimekwisha kukaa pale na kamera yangu, kabla umande haujakauka. Nyuki wa kwanza alipoingia katika ua jike, mwili mzima umepakwa chavua za waume aliokwisha kuwazuru, manyoya ya kifua hayaonekani kwa vumbi la dhahabu, akachovya kichwa chini kuutafuta mbochi, nilibonyeza, na picha ile ndiyo ya kwanza niliyoona haya kuipunguza au kuikata popote. Mama yule nilimpa nakala. Aliitazama sana, akaniuliza mbona sikulionyesha boga.

Yafaa niseme hapa juu ya hofu, kwa maana watu huniuliza. Nyuki wetu wa asali ni mkali, na sifa yake hiyo si ya uongo. Lakini ukali wake ni wa nyumbani. Aulindao ni mzinga wenye watoto na asali. Aliye uani yuko safarini, na mtu akisogea taratibu, asimpulizie pumzi wala kumtupia kivuli cha ghafula, hamjali. Nimemkaribia hata ukingo wa lenzi ukagusa jani alilolikalia. Mzinga ni habari nyingine, na kwa mzinga siendi.

Mvua zinapokoma, mwezi wa nne na wa tano, huja majira niyapendayo kuliko yote. Mji huu uko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na alfajiri za majira hayo huwa baridi kuliko mgeni wa pwani anavyodhani. Nyuki hawezi kuruka mpaka kifua chake kipate joto lipatalo nyuzi 30, na ili alipate hutetemesha misuli ya mabawa pasipo kuyapunga, akisimama mahali pamoja, kama dereva anavyoacha injini ya lori izunguke kabla ya kuondoka. Wapo pia nyuki wapweke wasio na mzinga, wenye mistari ya buluu tumboni, wa jamii iitwayo Amegilla, ambao madume yao hulala nje, na namna wanavyolala sijaona shani kuipita: kila mmoja huuma bua la jani kwa taya zake, akaikunja miguu, akaning'inia hivyo usiku kucha, mwili umenyooka hewani. Mpiga picha akiwapata kabla ya jua, ana muda wa kupanga stendi yake ya miguu mitatu na kufungua tundu la lenzi kwa nafasi ndefu, jambo ambalo kwa mdudu aliye macho haliwezekani, kwa kuwa mabawa ya nyuki hupiga mara zipatazo 230 kwa sekunde na hayasimamishwi ila kwa mmweko mfupi sana wa flashi. Lakini ni usingizi wa mtu mwingine, na sharti mtu aondoke jua linapotoka.

Nje ya mji, kwenye njia ya kwenda Likasi na ya Kasenga, ambako misitu ya miombo ingali imesimama, mambo hugeuka: huko wadudu ndio wanaomjia mpiga picha. Nyuki wadogo weusi wasiouma, ambao asali yao ni nyepesi na chachu kidogo na watoto huisaka chini ya ardhi na mashimoni mwa miti, hupenda chumvi, na chumvi iliyo karibu ni machozi. Niliinama mbele ya ua la zambarau kando ya kichuguu, na vichuguu vya huku si vya kuchezewa, vingine vyafikia mita nane kwenda juu, nikiwa nimezuia pumzi ili kamera isitikisike, na katika pembe za macho yangu mawili wamekaa nyuki wanakunywa. Mtu akipepesa jicho, picha imekwenda; asipopepesa, wanaitana. Sijui studio yoyote yenye wateja wa namna hiyo. Misitu yenyewe, ile ya miputu na mitondo, inarudi nyuma kila mwaka mbele ya tanuri za makala, kwa kuwa mji wote hupika kwa makala, mimi pamoja nao, na leo sharti nipande pikipiki kwenda mbali zaidi kuliko nilivyoendesha baiskeli ujanani. Profesa François Malaisse, aliyefundisha chuo kikuu chetu miaka mingi, aliandika mwaka 1997 kitabu kinene juu ya vyakula vya misitu hii, asali na wadudu waliwao wakiwemo, na mtu akikifungua huona utajiri ambao watu wa sokoni walikuwa wakiujua kwa majina: vinkubala, kumbikumbi, uyoga, masuku.

Ukaribu, hata hivyo, una hila zake. Kuna nzi wa maua aliyevaa mistari ya njano na nyeusi kwa ustadi hata ndege humwogopa, akaning'inia hewani mbele ya ua pasipo kwenda mbele wala nyuma, na kwa umbali wa hatua moja kila mtu atakuambia huyo ni nyuki. Lenzi humfichua: ana mabawa mawili ambapo nyuki ana manne, vipapasio vyake ni vifupi, na macho yake makubwa yamekijaza kichwa karibu chote. Ni mzuri kuliko nyuki, nasema kweli, na hutulia vizuri zaidi. Hila ya pili ni chungu. Utakuta pengine nyuki ametulia juu ya ua kwa namna ya ajabu, hatikisiki, miguu imenyooka, na moyo wako utaruka kwa furaha. Tazama chini ya kichwa chake, na aghalabu utamwona buibui wa rangi ya ua lenyewe, mweupe juu ya jeupe, wa njano juu ya la njano, amemshika shingoni. Picha itatoka safi kupita zote. Ni picha ya maiti. Mimi huipiga, na huiita kwa jina lake, kwa kuwa mauti nayo ni habari ya bustani. Lakini wale wanaomtia mdudu ndani ya jokofu mpaka aduwae, wakambandika juu ya ua wasilojua hata kama huliendea, kisha wakaitangaza picha hiyo kuwa ya mdudu katika maisha yake, hao sikubaliani nao, na sababu yangu ni ya kazi kabla ya kuwa ya huruma. Wamerudi kwenye amri. Wamempata mteja asiyeweza kukataa, na kila kilichokuwa na maana katika mkutano ule, yaani kwamba alikuja kwa hiari yake na kwa haja yake, wamekiondoa kabla ya kubonyeza.

Picha moja niipendayo kupita kiasi haina uzuri wowote. Kaskazini-magharibi ya tanuru, upande ambao pepo za kusini-mashariki ziliupeleka moshi kwa miongo mingi, ipo ardhi iliyojaa shaba hata miti imeikimbia, na juu ya udongo huo mkavu huota mmea mdogo wa jamii ya mrehani, Haumaniastrum katangense, wenye vijiua vya zambarau, ambao watu wa elimu huuita ua la shaba. Paul Duvigneaud aliichunguza mimea hii ya ardhi ya madini toka zamani za ukoloni, na wachunguzi wa mambo ya kale wameutumia mmea huu kuwa dalili ya mahali walipoyeyushia shaba mababu wa Katanga, wale waliosubu misalaba iliyokuwa fedha ya nchi hii kabla ya kampuni yoyote kufika; kwa maana mahali palipomwagika mabaki ya madini, hata karne zikipita, ua hujitokeza. Nilikaa hapo mchana wa jua kali, nyuma yangu lile bomba la moshi, na nyuki alikuja. Alifanya kazi yake katika ua la shaba vile vile kama alivyoifanya katika ua la boga, akajaza vikapu vya miguu ya nyuma, akaenda. Picha ina vumbi, nuru yake ni ngumu, na bawa moja limefifia. Mwanafunzi mmoja wa kilimo aliyeiona aliniuliza mambo matatu tu, tarehe, mahali, na jina la mmea, akashangaa kwamba sikuwa nimeyaandika kwa kila picha. Sasa huyaandika nyuma, pamoja na saa, kwa sababu ya yule mama wa kibwabwa.

Nilipoketi tena nyuma ya kamera ya studio, kwa wateja wachache waliobaki, niliona kwamba mdomo wangu umekuwa mzito wa kuamuru. Alikuja mzee mmoja aliyestaafu kazi ya migodini, anataka picha ya kuwaachia wajukuu, akakaa kwenye kiti na kukakamaa kama walivyokakamaa wote, kidevu juu, macho yametoka, akingoja niseme. Sikusema. Nilishughulika na taa, nikapangusa lenzi iliyokuwa safi, nikamwuliza habari za shamba lake la Kipushi. Akaanza kunieleza juu ya mbuzi wa jirani aliyemlia mihogo, hasira ikampanda, mikono ikafunguka, na uso wake halisi, ambao bila shaka mkewe aliujua, ukaja ukakaa mahali nilipokuwa nimekwisha kuuandalia. Nilibonyeza mara moja. Watoto wake waliilalamikia picha kwamba baba hakutengeneza kola. Yeye mwenyewe alirudi kuchukua nakala ya pili.

Picha za wadudu hazinilishi. Watu wa hapa hutundika ukutani maharusi na marehemu, na ni haki yao. Mteja wangu wa pekee katika mlango huo alikuwa mwuza asali wa njia ya Likasi, aliyetaka karatasi ya kubandika kwenye chupa zake ili asali yake itofautiane na za wenzake, nami nilimpelekea bahasha ya picha achague, za maboga, za miombo, na ile ya ua la shaba. Alizichambua kwa makini kama mtu achaguaye kitambaa cha suti, akasema hizi zina vumbi, hizi zimejikunja, akaitoa moja iliyokuwa imeingia kwa bahati tu: mdudu msafi, mistari inang'aa, amesimama hewani mbele ya ua la alizeti. Nilimwambia kwamba huyo ni nzi. Akaniuliza nani atahesabu mabawa. Chupa zake zinauzwa hadi leo na nzi wangu juu yake, asali yenyewe ni ya kweli na nzuri, nami huinunua.